Ukipatikana na Gari la Wizi, Sheria Inasemaje?

Hotuba ya afisa wa sheria wa kaunti kwa wahudumu wa bodaboda, mafundi na wauzaji wa magari, Ukunda, Kaunti ya Kwale

 

Kwanza niondoe shaka. Serikali ya kaunti haimkamati mtu kwa kesi ya wizi wala haimshtaki. Kazi hiyo ni ya polisi na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Nimekuja kwa sababu wengi huuliza habari za sheria hii wakiwa wamechelewa: pesa zimeshatoka, pikipiki iko kituoni, na kijana yuko ndani.

Nianze na swali. Kati ya aliyeiba gari na aliyelipokea akijua limeibwa, ni nani anayekabiliwa na kifungo kirefu zaidi? Wengi mtasema mwizi. Sivyo. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwizi wa gari anaweza kufungwa miaka 7. Kifungu cha 322, kinachohusu kushughulikia mali ya wizi, kinafika miaka 14. Mkitafakari mtaona maana yake. Pasipo mnunuzi, mwizi angeiba pikipiki ampelekee nani?

Tena kifungu hicho hakimhusu mnunuzi peke yake. Kinamgusa anayepokea, anayekaa nayo, anayesaidia kuificha, kuisafirisha au kuiuza kwa faida ya mwingine, na hata aliyepanga kufanya hivyo. Kwa hiyo rafiki akikuambia, "Niwekee gari hili uani kwako siku mbili," nawe unajua lilikotoka, umeingia. Fundi anayeifungua pikipiki auze spea zake huku akijua ni ya wizi, ameingia. Dalali aliyechukua kamisheni akijua, ameingia.

Lakini sikilizeni vizuri: kupatikana na gari lililoibwa si hatia peke yake. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, pasipo shaka ya msingi, kwamba ulijua limeibwa au ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo, na kwamba ulitenda kwa nia mbaya. Katiba, Ibara ya 50, inakuhesabu huna hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Sasa mahakama itajuaje kilichokuwa moyoni mwako? Itaangalia ulivyonunua. Tuchukue mfano. Kijana anauziwa pikipiki kwa shilingi 45,000, nayo sokoni inakwenda kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Anauziwa usiku, na mtu asiyemjua kwa jina la pili. Anaambiwa logbuku "italetwa kesho." Analipa taslimu, hakuna karatasi iliyoandikwa. Kijana huyu atasema hakujua, na pengine ni kweli. Lakini hakimu atamuuliza: bei ile haikukushtua? Mbona hukuuliza jina lililo kwenye logbuku? Ndiyo maana ya maneno "sababu ya kuamini." Kufumba macho makusudi si sawa na kutojua.

Kuna jambo jingine zito. Ukipatikana na gari siku chache tu baada ya kuibwa, na huna maelezo ya kuaminika, mahakama inaweza kuchukulia kwamba wewe ndiye uliyeiba. Kwanza lazima ithibitishwe kwamba gari ulikuwa nalo wewe, kwamba ni la mlalamishi, kwamba liliibwa kwake, na kwamba liliibwa karibuni. Hakuna idadi maalumu ya siku. Inategemea kitu chenyewe hubadilisha mikono upesi kiasi gani. Na kama mwenyewe aliporwa kwa silaha, shtaka laweza kuwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2), ambacho adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Kumbe pikipiki ya bei ya kutupa yaweza kumfikisha mtu huko.

Jirani zetu wa Lunga Lunga wananiuliza: je, kama liliibwa ng'ambo ya mpaka? Mpaka si kinga. Sheria yetu inakataza pia kupokea mali iliyoibwa nje ya Kenya.

Swali jingine ninaloulizwa sana: "Nilinunua kwa nia njema, nikagundua baadaye. Nifanyeje?" Hapa ndipo watu wengi wasio na hatia hujitia hatiani. Siku uliyonunua hukujua. Lakini tangu siku uliyojua, ukiendelea kukaa nayo, ukibadilisha nambari, au ukimuuzia mwingine urudishe pesa zako, unatenda kosa ambalo hukuwa nalo. Usiiuze. Usiifiche. Acha kuitumia, chukua karatasi zako, nenda kituo cha polisi, toa taarifa na uandikiwe nambari ya OB. Ukiweza, zungumza na wakili kwanza.

Je, utabaki na gari? La. Asiye na umiliki hawezi kukupa umiliki. Gari litarudi kwa mwenyewe hata kama ulilipa hadi senti ya mwisho. Unachobaki nacho ni haki ya kumdai aliyekuuzia, na haki hiyo haina faida ikiwa humjui anakoishi. Nawahurumia wanaopoteza hivyo, lakini pia yuko mwenzetu aliyeamka asubuhi akakuta riziki yake imechukuliwa.

Basi tujikinge kabla ya kulipa. Mambo ni haya:

1. Tafuta rekodi ya gari kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Jina linalotokea lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Chini ya Sheria ya Trafiki, aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo.

2. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye rekodi. Kwa pikipiki nyingi, ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa, ondoka.

3. Ikiwa pikipiki ni ya mkopo, muulize mkopeshaji kama deni limekwisha.

4. Andikeni mkataba wa mauzo wenye majina, nambari za vitambulisho, bei, tarehe na mashahidi. Lipa kwa M-Pesa au benki ili rekodi ibaki.

5. Hamisha umiliki mara moja. Sheria inakupa siku 14 tu kulitumia barabarani kabla ya kusajiliwa kwa jina lako.

Na ukisimamishwa? Polisi wana uwezo wa kusimamisha na kupekua gari wanaloshuku kwa sababu ya maana kwamba kuna mali ya wizi. Ukizuiliwa kwa njia hiyo na ushindwe kuiridhisha mahakama jinsi ulivyolipata, kifungu cha 323 kinaweza kukutia hatiani, hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Usikimbie, usitoe kitu kidogo. Una haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda huo unaishia wikendi au sikukuu.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi ile unayoona usumbufu leo ndiyo itakayokusemea kesho mbele ya hakimu. Muuzaji akikuharakisha ulipe kabla hujaangalia, mwache aende na pikipiki yake.

 Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.