Kadi Iliyolala Sandukuni

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, wazee na vijana, Bombolulu)

  Tunajua wengine mmefunga vibanda na wengine mmeacha mzigo Kongowea ili mfike hapa, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Mazungumzo ya leo yanahusu pesa zinazokatwa kwa jina lako hali wewe hujanunua kitu. Tangazo lilipotoka, mama mmoja alituambia, “Hiyo kadi ya mkopo ni mambo ya watu wa Nyali, sisi huku tuna simu zetu tu.” Tukamwambia aje hata hivyo. Hapa Bombolulu wako watu wengi waliofanya kazi katika mahoteli ya pwani ya kaskazini, wako walioajiriwa bandarini, wako walimu, na wako wenye watoto Arabuni. Wengi wao wana kadi ya benki ndani ya nyumba, na wengine hawakumbuki vizuri ni kadi ya namna gani. Tena hao wenye simu tu nao wana lao, tutalifikia.

Kwanza tuelewane. Kadi ya kawaida ya benki hutoa pesa zako mwenyewe ulizoweka. Mwizi akiipata atachukua zilizopo, na zikiisha zimeisha. Kadi ya mkopo ni mambo mengine. Hiyo hutoa pesa za benki, na wewe ndiye unayebaki na deni. Mwizi akiitumia hutaona akiba yako ikipungua, kwa hivyo hakuna la kukushtua. Deni linakaa huko, linaongezwa riba, linaongezwa faini ya kuchelewa kulipa, nawe unalala usingizi wako.

Haya ndiyo yaliyompata mzee mmoja wa hapa kwetu. Jina lake hatulitaji, lakini ametupa ruhusa tuyaeleze, na yumo miongoni mwetu leo. Alikuwa mpishi wa hoteli miaka mingi. Karibu na kustaafu kwake walikuja kazini vijana wa benki, wamevaa tai, wana fomu. Wakamwambia, “Mzee, wewe ni mteja mzuri, weka sahihi hapa.” Akaweka. Kadi ikaja. Aliitumia mara mbili tu: mara ya kwanza kununua friji, na mara ya pili kumlipia binti yake tiketi ya ndege kwenda Qatar, na hiyo ya tiketi ililipwa kwa intaneti. Madeni yote mawili akayamaliza. Kisha akaifunga kadi ndani ya kitambaa, akaitia sandukuni pamoja na hati ya kiwanja.

Mwaka jana mzee alitaka mkopo mdogo wa SACCO abadilishe mabati. Akaambiwa hapati, jina lake liko CRB, anadaiwa shilingi 61,000. Akadhani ni mtu mwingine wa jina hilo. Alipofika benki akaonyeshwa kwamba kadi yake imenunua vitu mara kumi na moja katika muda wa miezi saba. Na kadi yenyewe, alipofungua sanduku, ilikuwa palepale kwenye kitambaa chake!

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kadi iko kwangu, imeibwaje? Jibu ni kwamba kwa kununua kwenye intaneti hakuna haja ya kadi yenyewe. Kinachotakiwa ni namba ndefu iliyo mbele, mwezi na mwaka wa kwisha kwake, na zile tarakimu tatu za nyuma. Mwenye kuzipata hizo anaweza kununua mahali pengi akiwa nchi yoyote, ingawa siku hizi benki nyingi huongeza ulinzi wa kutuma namba ya mara moja kwenye simu yako kabla malipo hayajapita. Namba hizo huvuja kwa njia nyingi. Duka la intaneti ulilonunua huweza kudukuliwa na orodha nzima ya kadi ikauzwa. Mhudumu huweza kuondoka na kadi yako nyuma ya kaunta akaipiga picha. Zamani wezi walikuwa wanakopi ule utepe mweusi wa nyuma ya kadi, lakini benki za Kenya zilipohamia kadi zenye chipu, kufikia mwaka 2014 hivi, njia hiyo ilipungua nguvu, na wezi wakaelekea zaidi kwenye namba.

Angalieni pia wizi huo ulivyoanza. Malipo ya kwanza kwenye kadi ya mzee yalikuwa ya shilingi 130 hivi. Hii ni desturi yao. Hununua kitu kidogo kwanza kuona kama kadi iko hai, na kama mwenyewe ataamka. Wakiona kimya, ndipo wanaingia kwa miguu miwili. Na kwa mzee kulikuwa kimya kweli, kwa sababu ujumbe wa benki ulikuwa ukienda kwenye namba ya simu aliyoiacha zamani, na stetimenti zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ambayo kijana wake alimfungulia na hakuna mtu aliyekuwa akiifungua.

Ule mtindo wa kuwapelekea watu kadi mikononi bila wao kuitafuta si wa jana. Mwaka 1958 benki moja kubwa ya Marekani ilituma kadi za mkopo zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, jimbo la California, kwa posta, bila ya wao kuomba. Wizi ukafuata na madeni yakawa mengi. Ilipofika mwaka 1970 serikali yao ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba, na sheria ikaweka kwamba mwenye kadi iliyotumiwa na mwizi asibebeshwe hasara ya zaidi ya dola 50. Hapa kwetu fomu huwekwa sahihi, ni kweli, lakini mtu anayeweka sahihi akiwa na mwiko mkononi na wageni wanasubiri chakula, je, amesoma nini? Sisi tunasema wenye fomu nao wana lawama.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuombe mkutano huu. Pesa zilimuuma mzee, lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa nyumbani. Alipotoka benki siku ile alikuwa na hesabu moja tu kichwani: barua pepe aliifungua mwanangu, sanduku halina kufuli, na mwanangu ana simu mpya. Kijana huyo ni wa bodaboda, yuko steji hapa juu barabarani. Baba hakuuliza. Alimwambia mbele ya mama yake na majirani, “Toka kwangu, mwizi wewe.” Kijana akachukua nguo zake akaenda Mtopanga kwa rafiki. Mama akaacha kula na mumewe. Ndugu wakagawanyika, hawa kwa baba, hawa kwa mama. Walipofika ofisini kwetu tulidhani tumeletewa kesi ya ndoa.

Tuliomba jambo moja tu: stetimenti kamili ya benki, ya miezi yote saba, kwenye karatasi. Mzee alikuwa ameonyeshwa jumla tu. Karatasi zilipokuja tulikaa nazo mezani, baba, mama na sisi, tukasoma mstari mmoja mmoja. Malipo yalikuwa kwa dola na kwa yuro. Yalikuwemo malipo ya michezo ya kompyuta, ya programu fulani yaliyojirudia kila mwezi, na ya usiku mbili za hoteli katika mji mmoja wa Ulaya. Mama akasema, “Huyu mtoto hajavuka Mtwapa, hoteli ya Ulaya alilala lini?” Na ile simu mpya, kijana alileta karatasi zake: ni ya lipa mdogo mdogo, anakatwa kila siku, na bado alikuwa hajaimaliza.

Hatusemi kwamba mtoto wa nyumbani haibi. Anaiba, na tumeona. Lakini kuna tofauti ya kumuuliza mtu ukiwa na karatasi mkononi na kumhukumu ukiwa na hasira. Baba alimwomba msamaha kwa njia ya wazee wawili. Kijana siku hizi huja kula Jumapili. Kurudi kulala hajarudi, chumba cha Mtopanga amekikodi mwenyewe, na mama bado anampelekea chakula kwenye bakuli.

Kwa upande wa benki safari ilikuwa ndefu. Utaratibu ni huu: mwenye kadi akiona malipo asiyoyajua, huyakataa kwa maandishi, kisha benki yake huyarudisha kwa benki ya muuzaji ili yachunguzwe. Lakini kuna muda. Katika kanuni za mashirika makubwa ya kadi mara nyingi ni siku 120, na benki yenyewe huweza kumtaka mteja aseme mapema zaidi ya hapo. Mzee alikuwa amechelewa kwa malipo mengi. Manne ya mwisho yalirudishwa. Mengine aliambiwa hapana, na riba juu yake. Tukaandika barua ya pili tukiuliza kwa nini kadi ya mstaafu wa Bombolulu, iliyokaa bila kazi, inaanza ghafla kulala hoteli Ulaya na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Barua hiyo, nakala yake tuliielekeza Benki Kuu. Baada ya hapo wakaondoa faini na riba, na mzee anabishania kilichobaki mpaka leo.

Kuhusu CRB, jueni haki zenu. Kila Mkenya anaweza kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo, na akiona deni si lake anaweza kulipinga, pia bila malipo. Tangu kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kumtia mtu kwenye orodha hiyo mbaya.

Basi, tuje kwa wenye simu. Nyanya mmoja ana laini mbili. Moja iko kwenye mulika mwizi yake anayotembea nayo, na nyingine aliiweka kwenye droo, imesajiliwa kwa kitambulisho chake na ina M-Pesa. Mjukuu aliijua namba ya siri kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsaidia kutoa pesa. Akaitia kwenye simu nyingine, akajiunga na Fuliza, akakopa kidogo kidogo. Fuliza, kwa wasioijua, ilianza mwaka 2019, na namna inavyofanya kazi ni kwamba pesa yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hukatwa deni kwanza. Binti wa nyanya huko Changamwe, hajui lolote, akatuma pesa za dawa ya presha kwenye namba aliyoizoea. Zikamezwa. Nyanya alikaa siku tano bila dawa kabla mtu hajamuuliza.

Huko kadi, huku laini, lakini ukiangalia ni ugonjwa mmoja. Ni kitu chenye jina lako, kiko hai, na hakuna anayekitazama.

Kwa hivyo tunaomba mfanye mambo machache wiki hii. Fungueni masanduku na madroo. Kadi usiyoihitaji, nenda benki uifunge kwa barua, wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Kuikata kwa makasi hakutoshi, akaunti inabaki wazi. Kama unaihitaji, hakikisha benki ina namba yako ya simu ya sasa, na stetimenti uisome kila mwezi hata kama unajua hukununua kitu. Hasa kama unajua hukununua kitu. Ukiona malipo ya ajabu, hata ya shilingi 50, piga simu siku hiyo hiyo kadi ifungwe, kisha andika barua, kisha polisi upate namba ya OB. Wizi wa namna hii una sheria yake ya mwaka 2018, si jambo la polisi kukucheka.

Kwa wenye laini za Safaricom, pigeni *106# muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa utapeli upelekwe 333. Ukituma pesa mahali pasipo, peleka ujumbe huo 456 mara moja. Na anayekupigia akisema ni Safaricom hali namba si 0722 000 000, mwache aongee peke yake.

Tunajua wengine mnaona haya kuja kusema. Mzee wa leo alikaa na jambo lake wiki sita, na katika wiki hizo riba haikulala. Ofisi yetu iko wazi Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Leteni kitambulisho, stetimenti kama mnazo, na barua zozote za benki hata zile za zamani zilizoliwa na mende. Namba za siri msilete, hata sisi msituambie.

Sasa tuko tayari kwa maswali. Tuanze na akina mama.