MAFUA YA PAKA KATIKA NYUMBA YENYE PAKA WENGI



Bariadi na kwengineko katika Mkoa wa Simiyu, paka ni mlinzi wa ghala la mahindi na mtama, kama alivyo mlinzi wa stoo Unguja na Pemba. Nyumba moja huweza kuwa na paka kadhaa. Apigapo chafya mmoja, wote wamo hatarini, khasa watoto.

Maradhi haya huletwa zaidi na virusi vya aina mbili, hepesi na kalisi. Vya hepesi hufa upesi nje ya mwili. Vya kalisi huweza kudumu wiki nzima au zaidi juu ya chombo. Huenezwa kwa makamasi, kwa bakuli na kwa mikono ya mlishaji. Hata paka aliyepona huweza kuwaambukiza wenzake.

Kwa hiyo mgonjwa atengwe pamoja na bakuli lake. Wazima walishwe kwanza, mgonjwa mwisho, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Macho na pua yake yafutwe kwa maji ya uvuguvugu. Apewe dagaa wenye harufu, kwani paka asiyenusa hali. Asipewe panadoli kabisa: kidonge kimoja chaweza kumwua. Akikataa chakula, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Paka mgeni naye atengwe wiki mbili. Chanjo hupunguza ukali wa maradhi.

Mafua haya hayamwambukizi binadamu. Hapana sababu ya kumtupa mgonjwa. Amtupaye humpelekea jirani maradhi, na ghala lake huliachia panya.