Neno "nice" katika ripoti zetu



Wageni wakifika huku Rughenda wanaongea Kiingereza, sisi tunatafsiri. Neno "nice" ndilo linatuchokesha. Mtu mpole ni "nice", bugali ni "nice", nyumba ya bulongo yenye kufunikwa na turubai, nayo "nice". Kwetu mtu ni mwema, shati ni zuri, chakula ni kitamu. Mama mwenye kulima tena shamba lake kisha kukimbia vita, huyo ni hodari.

Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Miaka ya 1300, kumwita mtu "nice" ilikuwa kumwita mjinga! Sifa ya leo ilienea katika karne ya 18.

Juzi mgeni mmoja alisema "nice" mbele ya nyumba ya mama aliyerudi. Tungetafsiri "nzuri", mama angewaza mabati hayatakuja tena. Tukamuuliza mgeni kwanza: ni kitu gani ndiyo "nice"? Akaonyesha maua ya mlangoni. Basi katika ripoti tuliandika: maua ni mazuri, turubai inavuja.