SOMO LA REDIO: KUPIMA MAJI YA BWAWA LA SAMAKI

Chukueni daftari na kalamu, tuanze.

Hapa Korogwe ufugaji wa samaki si jambo geni. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege yalianza hapa, na pia Malya huko Mwanza. Hata aina moja ya perege imepewa jina la Korogwe katika vitabu vya wataalamu.

Sasa, mtu huamka asubuhi akakuta samaki wake wamekufa. Mara husema, “Jirani amenitilia sumu!” Ugomvi ukaanza. Lakini pengine adui ni maji yenyewe.

Maji ya ndimu ni makali, yana tindikali. Maji ya majivu ni kinyume chake, nayo huteleza vidoleni. Kipimo cha mambo haya huandikwa pH: p ndogo, H kubwa. Namba zake ni 0 mpaka 14, na 7 ni katikati. Chini ya 7 ni tindikali. Perege hustawi katika maji ya 6.5 mpaka 9. Yakishuka mpaka 4, hufa. Tena kila namba ni mara kumi: maji ya 5 yana tindikali mara 10 kuliko maji ya 6.

Chovya karatasi ya kupimia, kisha linganisha rangi yake na rangi zilizochapwa kwenye kiboksi chake. Pima mara mbili: alfajiri, na saa tisa alasiri. Usiku samaki na mimea hutoa hewa ya ukaa, na tindikali huzidi. Mchana mimea huitumia hewa hiyo, na namba hupanda. Basi apimaye mchana tu hudanganyika. Pima tena baada ya mvua kubwa, kwani maji hutiririka bwawani na tindikali ya udongo.

Kila mara andika tarehe, saa na namba. Ukiona 5 alfajiri siku kadha wa kadha, mwonyeshe Bwana Samaki, yaani Afisa Uvuvi, daftari lako. Atakuambia kiasi cha chokaa ya kilimo. Chokaa ambayo haijazimwa usiitie kabisa penye samaki, itawaua.

Hii ndiyo faida ya kujua kuandika: daftari husema kweli, na jirani husalimika.

MASWALI
1. Perege hustawi katika pH gani?
2. Kwa nini tupime alfajiri?
3. Chora safu tatu: tarehe, saa, pH.

Kwa herini mpaka somo lijalo.