KABWELA, UNITI ZAKO ZINALIWA NA NANI?



Leo sikuja kuwahubiria habari za vigogo. Nimekuja kuzungumzia kile kisanduku cha LUKU kilicho ukutani, kinachomtoa jasho mpangaji wa Manzese, Tandale na Mbagala.

LUKU maana yake Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Maneno matamu! Lakini katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, unalipa kadri wenzako wanavyotumia. Uniti zikiisha, vita: huyu ana friji, yule hashushi pasi, na wa chumba cha uani ndiye anayesingiziwa.

Tuache vita, tushike kalamu. Agizo la bei la EWURA la mwaka 2016 lilimwekea mteja mdogo wa nyumbani shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo, shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Mara tatu na nusu! Jiulize, vyumba sita kwenye mita moja vitaacha kuuvuka mstari huo?

Tazama taa peke yake. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi inakula uniti 9. Vyumba sita, uniti 54. Balbu za LED za wati 9, kwa saa hizo hizo, hazifiki uniti 9 nyumba nzima. Mmeokoa uniti 45 na zaidi, na hakuna aliyekaa gizani.

Halafu kuna walafi: chochote kinachotoa moto. Birika la wati 2,000 likiwaka nusu saa ni uniti nzima. Chemsha maji unayoyahitaji tu. Pasi ya wati 1,000, nusu saa kila siku, ni uniti 15 kwa mwezi. Nyoosha nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Friji nayo, bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka, joto linaingia na mashine haipumziki.

La mwisho, lishikeni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako wewe mpangaji! Tunza risiti, na siku ya kulipa pango mkae naye mkate hesabu.

Mwambieni pia kila chumba kifungwe mita yake ndogo. Mwisho wa mwezi msome pamoja, kila mtu alipe alichotumia. Hapo ndipo LUKU itakuwa LUKU kweli.