Matembezi Mafupi Katika Msitu wa Pugu

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi, hasa ninyi mkaao Kimara na viunga vyake, habari za kutembea kwa miguu kwa raha. Sisemi kupanda mlima wala kubeba mizigo. Nasema matembezi ya saa moja au mbili, ambayo mtoto wa miaka saba na bibi yake waweza kuyamaliza bila kutweta.

Sisi wa Kimara twajua matangi makubwa yapokeayo maji ya mto Ruvu; lakini maji yaliyotulia wazi chini ya miti wachache wetu wameyaona. Basi yako karibu, katika bwawa la Minaki, ndani ya hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wilaya ya Kisarawe. Shika basi mpaka Ubungo, kisha Gongo la Mboto, kisha Kisarawe. Huko uliza njia, ulipe kiingilio, uingie. Vaa viatu vya kufunga, maana siafu hawamheshimu hata mwalimu.

Kaeni kwanza kando ya bwawa, mnyamaze kidogo. Ndipo mdiria atakapotua juu ya kijiti, na kima wataanza kurukaruka juu ya miti. Tena yuko komba mdogo sana, aitwaye komba wa Rondo, uzito wake gramu 60 hivi. Duniani hapatikani ila katika misitu michache ya pwani yetu, na Pugu ni mmojawapo. Hutoka usiku, kwa hiyo msikasirike mkimkosa. Mkikaa mpaka magharibi karibu na mashimo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini, mtaona popo wakitoka kama moshi.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu. Njiani tulikuta tanuri la mkaa, bado lafuka moshi, na visiki vibichi pembeni yake. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, miti hii ni ya nani?" Nikamjibu kuwa ni ya serikali, imewekwa kwa ajili yetu sote. Akasema, "Sasa mbona sisi hatukuulizwa?" Nilikosa jibu. Nyumbani kwangu palikuwa na gunia la mkaa nililolinunua juma lile lile, wala sikuuliza limetoka wapi.

Na jambo hili si la Kisarawe peke yake. Mto Msimbazi, uliofurika Desemba 2011 ukabomoa nyumba za watu bondeni, huanzia katika vilima hivi vya Pugu. Mvua ikinyesha penye miti, majani huivunja nguvu na udongo huinywa polepole. Penye visiki hushuka yote kwa mara moja, pamoja na mchanga, mpaka Jangwani.

Tulirudi jioni tumechoka kwa furaha, na watoto wakahesabu visiki walivyoviona: 31. Walivyoviona kutoka njiani tu, yaani. Mwezi ujao twarudi kwa njia ile ile kuvihesabu tena, na kila mmoja ameahidi kuja na mzazi wake. Atakayependa kufuatana nasi atukute kituo cha Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye achukue maji yake ya kunywa.