Maneno ya Kamati ya Mikopo: Binti Kusomea Uhandisi wa Umeme, Tulivyoupima Mkopo Wake



Kamati ya mikopo tumepewa dakika kumi na tano. Habari za hisa na gawio amekwisha zieleza Mama Mweka Hazina, hatuna haja ya kuzirudia. Tumeonelea tuzungumzie mkopo mmoja tu, ule wa mwaka juzi uliotugawa mpaka kikao kikaisha saa mbili usiku na wengine wakaondoka bila kuagana.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mwenzetu mmoja, mjane, alileta ombi la shilingi 2,500,000. Bintiye alikuwa amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, akachaguliwa kusomea shahada ya uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka minne. Bodi ya Mikopo ilimpa, lakini haikumpa yote. Hapo maneno yakaanza. Kuna waliosema mtoto wa kike na nguzo za umeme wapi na wapi. (Tukiri, wawili kati yao ni wajumbe wa kamati hii hii.) Kuna waliosema fedha hizo ni ng'ombe, na ng'ombe anazaa, cheti hakizai. Hayo tungeyajibu. Lakini akasimama mama mwingine, akasema kwa upole tu: "Wa kwangu anayo shahada hiyo hiyo. Huu mwaka wa pili yuko nyumbani." Jamani, hakuna aliyekuwa na jibu.

Basi tukapewa wiki mbili tukapime.

Tulianza na gharama. Ada tuliikadiria shilingi 1,500,000 kwa mwaka pamoja na michango mingine ya chuo, yaani milioni sita kwa miaka minne. Chakula na malazi Bodi inahesabu shilingi 10,000 kwa siku, ndilo hilo vijana wanaloliita bumu. Kwa miezi minane ya masomo ni 2,400,000, na kwa miaka minne ni 9,600,000. Jumla 15,600,000, na hapo hatujagusa kompyuta, vitabu, wala nauli ya basi kutoka hapa Igunga. Aidha kuna gharama ambayo haiandikwi popote: miaka minne binti haleti hata kilo ya sukari nyumbani.

Na mkopo wa Bodi siyo sadaka. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Kama mshahara huo ni milioni moja, laki moja na nusu inakwenda kabla hajaiona. Nafuu ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halinenepi usiku watu wakiwa wamelala. Sisi tunaokopeshana tunajua uzito wa jambo hilo.

Halafu tukajifunza jambo tuliloona aibu kutolijua. Sisi kila mtu tulikuwa tunamwita fundi umeme. Kumbe kuna fundi mchundo, wa VETA; kuna fundi sanifu, mwenye stashahada ya miaka mitatu kutoka vyuo kama DIT na Chuo cha Ufundi Arusha; ndipo kuna mhandisi. Na mwenye shahada hawi mhandisi kamili siku ya kuvaa joho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inamwandikisha kwanza kuwa mhandisi mhitimu, afanye kazi chini ya uangalizi kama miaka mitatu, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo minne imekuwa saba. Mama mwenye ombi hakuambiwa hivyo na mtu yeyote, na sisi pia.

Tukaenda kumwona yule kijana aliyekaa nyumbani. Tulimkuta ana adabu zake, ana mafaili yake, barua za maombi zimejaa bahasha nzima. Mtaa wa pili yupo kijana wa VETA. Huyo alikuwa na leseni ya EWURA ya kufunga umeme majumbani, na tangu REA ilete nguzo vijijini na kuunganishiwa umeme kuwa shilingi 27,000, kazi ya kutandaza nyaya hakuikosa. Wa VETA alikuwa anakula, wa shahada alikuwa anaandika barua. Siyo kwamba shahada haina maana. Ni kwamba huyu wetu alikuwa anangoja kuajiriwa tu, na leseni hakuwahi kuiomba. Aliona ni mambo ya mafundi. Tulimsema kidogo, kama mama zake. Sasa yuko kwa mkandarasi wa pampu za maji. Mshahara ni mdogo, lakini ile miaka yake ya uangalizi imeanza kuhesabiwa.

Je, kazi zenyewe zipo? Maji ya Ziwa Victoria hayakufika Igunga kwa miguu, yanasukumwa na pampu za umeme. Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na reli yake inajengwa kuja Tabora na Isaka, kufuata njia ya wazee wetu waliobeba pembe hadi Bagamoyo. Vitu hivi vyote vinataka mtu wa kuvisanifu na kuvitunza, na hapo fundi wa nyumba hafiki. Lakini tusidanganyane: hapo jirani zetu Nzega mgodi wa Golden Pride ulifungwa baada ya miaka kama kumi na mitano tu. Ajira ya mradi huenda na mradi.

Tulirudi kikaoni na msimamo huu. Kwa mtoto wa kidato cha nne ambaye nyumbani hakuna kitu, tungesema stashahada kwanza, shahada ataifuata akiwa tayari ana ujuzi wa kumlisha. Huyu alikwisha fika kidato cha sita na kufaulu Fizikia na Hisabati. Kumrudisha nyuma ni kumpotezea miaka. Apewe, lakini shilingi 1,500,000 siyo 2,500,000, na zilipwe kwa miezi kumi na miwili kutoka kwenye biashara ya mchele ya mama yake. Mshahara wa miaka saba ijayo hatuwezi kuuweka dhamana. Na kila likizo ndefu binti akitoka kwenye mafunzo ya chuo, ashinde na fundi mwenye leseni hapa hapa. Kura zikawa kumi na sita kwa kumi na moja.

Marejesho yalikuja. Mwezi wa tisa mama alichelewa wiki tatu, akatozwa faini kama mtu mwingine yeyote, hakulalamika. Binti sasa yuko mwaka wa tatu. Ile milioni moja tuliyokata aliipata kwa kuuza ng'ombe wawili, na tunajua bado linamuuma.

Ombi la pili la namna hii lipo tayari, safari hii la kijana wa stashahada. Litasomwa kikao cha Jumamosi, saa tisa kamili, na wenye maneno waje nayo pale.